Nani Kaandika Kanuni? Michezo ya Mezani katika Kozi za Chuo Kikuu

Katika mchezo wa bia hakuna anayekunywa. Wachezaji wanne, au jozi nne, wanakaa kwenye ubao mmoja mrefu: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na mwenye kiwanda. Kila wiki ya mchezo mtu anapokea oda ya aliye chini yake, anatoa kreti alizonazo, kisha anaandika kwenye kikaratasi oda yake kwa aliye juu. Mzigo hauji papo hapo. Unakaa njiani wiki kadhaa. Kuzungumza ni marufuku. Kreti inayolala ghalani inagharimu senti 50 za dola kwa wiki, na kreti iliyoagizwa ikakosekana inagharimu dola 1. Timu yenye gharama ndogo kuliko zote ndiyo inayoshinda.

Mchezo huu ulizaliwa MIT, Marekani, yapata mwaka 1960, katika kundi la Jay Forrester, mhandisi aliyehamia shule ya biashara, na tangu hapo umechezwa na wanafunzi wa biashara na uhandisi duniani kote. Kinachotokea mezani kinajirudia kiasi cha kuchosha. Mwanzoni mambo ni shwari. Kisha muuza rejareja anaona stoki inapungua, anaongeza oda. Mzigo unachelewa, anaongeza tena. Muuza jumla naye, akiona oda zinapanda, anaagiza zaidi ya alichoombwa ili asije akaumbuka. Oda zinapofika kiwandani zimeshavimba kupita kiasi. Wiki chache baadaye mizigo yote iliyoagizwa kwa hofu inaanza kuwasili kwa mkupuo, maghala yanafurika, na kiwanda kinakaa bila oda. Mwaka 1989 John Sterman, mwanafunzi na mrithi wa Forrester, alichapisha uchambuzi wa meza nyingi za mchezo huu: timu zilibeba gharama takriban mara 10 ya kiwango ambacho maamuzi mazuri yangewezesha.

Baada ya mchezo wachezaji huombwa wachore wanavyodhani oda za wateja zilikwenda. Karibu wote, isipokuwa muuza rejareja aliyeziona kwa macho, huchora mawimbi: wateja walipanda, wakashuka, wakapanda tena, wametuponza. Halafu mwalimu anafunua kadi. Wateja waliagiza kreti 4 kwa wiki mpaka wiki ya 5, wakapanda hadi kreti 8, na hapo wakabaki mpaka mwisho. Wimbi lote lilitengenezwa na watu wanne waliokaa meza moja, kila mmoja akifanya jambo lililoonekana la busara pale alipokaa.

Ukiuliza kwa nini chuo kikuu kipoteze saa mbili za kozi kwa ubao na kete, dakika ile ya kufunua kadi ni jibu linalojitosheleza. Mhadhara wa kawaida ungeweza kueleza jinsi ucheleweshaji wa taarifa unavyokuza mtikisiko katika mnyororo wa ugavi. Mwanafunzi angenakili, angekariri, na pengine angeendelea kuamini kuwa matatizo kama hayo huletwa na wateja vigeugeu na mameneja wazembe. Mezani yeye mwenyewe amekuwa meneja mzembe. Hana pa kukimbilia.

Hata hivyo, kuna swali ambalo mara nyingi haliulizwi baada ya kadi kufunuliwa na darasa kucheka, nalo kwangu ndilo linalotenganisha burudani na elimu ya chuo kikuu. Kwa nini wachezaji walikatazwa kuongea? Mwenye duka la mtaani Dar es Salaam akiishiwa kreti anampigia simu muuza jumla Kariakoo, anajua mzigo uko wapi, na jioni anatuma pesa kwa simu ileile. Ukimya wa mchezo wa bia umeamuliwa na mtu. Vivyo hivyo idadi ya wiki: kwa Sterman wachezaji waliambiwa wangecheza wiki 50 wakasimamishwa ya 36, ili asiwepo wa kumaliza stoki kwa kuwa anaujua mwisho. Kila kanuni hapo ni dai kuhusu jinsi dunia ilivyo, au ni hila ya kulifanya dai hilo lionekane vizuri zaidi. Mwanafunzi aliyecheza akacheka amejifunza alichotaka Forrester. Aliyeuliza kuhusu ukimya ameanza kujifunza kitu ambacho Forrester hakukipanga.

Hoja yangu basi ni hii: mchezo wa mezani unafaa chuoni kwa sababu ni nadharia iliyoandikwa kwa kanuni, inayoweza kushikwa, kukaguliwa na kuvunjwa. Thamani yake haiko katika kuchangamsha darasa. Darasa lililochangamka bila kuzigusa kanuni limepewa mhadhara uleule kwa njia tamu zaidi, na kwa kuwa ni mtamu, ni vigumu zaidi kuupinga.

Historia ya jambo hili inaanza jeshini. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa vita uliotokana na kazi ya baba yake. Ulichezwa juu ya ramani halisi za kipimo cha 1:8000, kila zamu ikiwakilisha dakika 2 za mapigano. Jambo lake kubwa lilikuwa mwamuzi. Wachezaji hawakumwona adui. Walimwandikia mwamuzi amri, naye akawaambia kile tu ambacho askari wao wangeweza kukiona, akatupa dadu na kusoma majedwali ya hasara. Jeshi la Prussia likaueneza katika vikosi vyake. Lakini majedwali yalichosha, na mwaka 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois akapendekeza yatupwe pamoja na dadu, mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake.

Mabishano hayo kati ya kanuni kali na mwamuzi huru hayajaisha, na kwetu yana uzito wa pekee. Mwamuzi huru ni mwepesi na hupokea wazo ambalo mwandishi wa kanuni hakulifikiria. Kwa jenerali anayemfunza luteni huenda anatosha. Katika chuo ambako mhadhiri anatunga mtihani, anausahihisha na anajua jina lako, mwamuzi huru ni hatari: wanafunzi wataacha kuusoma mchezo, wataanza kumsoma mhadhiri. Watatafuta hatua itakayompendeza. Kanuni iliyoandikwa kwenye karatasi, hata kama ni butu, ina heshima moja: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kumwonyesha profesa kwa kidole kwamba profesa kakosea.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kanuni kuwa hoja watu wengi wanao nyumbani bila kujua. Mwaka 1904 Elizabeth Magie, mwanamke wa Marekani aliyekuwa mfuasi wa mwanauchumi Henry George, alipata hataza ya mchezo alioubuni kuonyesha jinsi umiliki wa ardhi unavyomtajirisha mmoja na kuwafilisi wengine. George alikuwa ameandika mwaka 1879 kwamba thamani ya ardhi huzalishwa na jamii nzima, kwa hiyo kodi yake iende kwa jamii. Magie aliupa mchezo wake seti mbili za kanuni. Kwa seti ya kwanza unanunua viwanja, unatoza kodi, unawamaliza wenzako. Kwa seti ya pili kodi ya ardhi inakwenda kwenye hazina ya wote, na mchezo unaisha pale mwenye kidogo kuliko wote anapokuwa ameongeza mtaji wake maradufu. Ubao ni uleule na wachezaji ni walewale. Kinachobadilika ni sheria ya ardhi.

Ni mchezo uliopita vyuoni. Scott Nearing, mhadhiri wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliufikisha kwa wanafunzi wake, nao wakajichorea mbao zao kwa mkono na kuzisambaza. Nearing mwenyewe alifukuzwa kazi mwaka 1915 kwa misimamo yake, ingawa mchezo haukuwa sababu. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilimlipa Magie dola 500 kwa hataza yake, na mchezo ukauzwa dunia nzima kwa jina la Monopoly, ukiwa na seti moja tu ya kanuni: ile ya kufilisi. Nusu ya pili ya hoja ilikatwa, na kilichobaki kikawa sherehe ya jambo ambalo mbunifu wake alitaka kulishtaki. Sijui darasa la sheria ya ardhi au uchumi wa maendeleo lisiloweza kufaidika na saa moja ya seti ya kwanza na saa moja ya seti ya pili, hasa hapa Tanzania, ambako Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini, huku sokoni viwanja vikiuzwa kila siku kana kwamba sheria hiyo haipo. Waambie wanafunzi waandike seti ya tatu: kanuni za Tanzania, kama zilivyo kwenye karatasi, kisha kama zilivyo mtaani. Mabishano yatakayozuka kuhusu hatimiliki ya kimila pekee yatajaza wiki mbili.

Ziwa Victoria linatoa mfano mwingine. Mchezo wa Fish Banks, uliobuniwa na Dennis Meadows, mmoja wa waandishi wa ripoti ya mwaka 1972 kuhusu mipaka ya ukuaji wa uchumi duniani, unawapa wanafunzi kampuni za uvuvi. Wananunua meli, wanaamua wapi pa kuvua, wanahesabu faida. Samaki wanazaliana kwa kiwango fulani, na mara nyingi, kabla timu hazijashtuka, bahari imekwisha na kila timu ina meli nyingi zisizo na kazi. Ni somo ambalo Garrett Hardin aliliandika mwaka 1968: mali isiyo na mwenyewe huliwa mpaka iishe.

Lakini Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kinyume chake, kwamba jamii nyingi hutunga kanuni zao, husimamiana, huadhibiana, na mali ya pamoja ikadumu. Mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu hahitaji kumsoma Ostrom ili alijue hilo. Anajua kuwa kwenye mialo kuna BMU, vikundi vya wavuvi na wachuuzi vilivyopewa jukumu la kulinda rasilimali. Anajua pia kuwa kokoro limepigwa marufuku na bado linavutwa usiku, kwamba sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kubadilisha kila kitu, na kwamba mwenye mtumbwi, mwenye injini na mwenye kiwanda cha minofu si mtu mmoja. Mchezo wa Meadows hauna mwalo, hauna mwenyekiti wa BMU anayefumbia macho kokoro la shemeji yake, hauna mkopo wa nyavu kutoka kwa mnunuzi unaomlazimisha mvuvi arudi majini hata samaki wakiwa wadogo. Darasa zuri la usimamizi wa maliasili lingeucheza mara moja kama ulivyo, likaona anguko, kisha likaulizwa: ni kanuni gani tuongeze ili meza hii ifanane na mwalo wa Igombe? Mwanafunzi aliyeongeza kanuni ya mkopo wa nyavu, akaona jinsi inavyougeuza mchezo mzima, ameandika tasnifu ndogo bila kujua.

Kuna kundi la michezo ambalo wahadhiri wengi wangelikimbia, nami nadhani walikaribishe. Mwaka 2015 Mwaustria Alexander Pfister alitoa mchezo ulioitwa Mombasa. Wachezaji wanawekeza katika kampuni za biashara zenye makao Mombasa, Cairo, Cape Town na Saint-Louis, na kutandaza vituo vyao juu ya ramani ya Afrika. Kama mtambo wa kufikirisha, umesifiwa sana. Ulishinda tuzo ya wapenzi wa michezo wa Ujerumani, Deutscher Spielepreis, mwaka 2016. Kitu kimoja tu hakimo: Waafrika. Kijitabu cha kanuni kilikiri kwa maneno machache kuwa enzi ya ukoloni ilikuwa ya unyonyaji, kisha mchezo ukaendelea bila wao. Malalamiko yakaja, na mwaka 2022 mchezo ukatolewa upya kwa jina la Skymines, safari hii kampuni zikichimba madini mwezini, huku mtambo wa ndani ukibaki karibu uleule. Mwaka 2019 kampuni ya Marekani ya GMT Games nayo ilikuwa imefuta mpango wa kuchapisha mchezo kuhusu kinyang'anyiro cha Afrika baada ya lawama kama hizo.

Kibiashara, kuhamia mwezini kulikuwa na akili. Kwa mwalimu wa historia ni zawadi iliyofungwa vizuri. Weka masanduku mawili mezani, Mombasa na Skymines, uliza swali moja: imewezekanaje mtambo uleule ufanye kazi kwenye bara lenye mamilioni ya watu na kwenye mwezi usio na kiumbe? Jibu ni kwamba kanuni tangu mwanzo ziliandikwa kwa ajili ya ardhi tupu. Hivyo ndivyo ramani za enzi ya Mkutano wa Berlin zilivyochorwa. Mhadhara unaweza kulisema hili kwa sentensi moja na likapita. Mwanafunzi aliyetandaza vituo vyake kutoka pwani hadi maziwa makuu, akafurahia kushinda, kisha akaulizwa walikuwa wapi babu zake kwenye ubao ule, hatalisahau upesi. Kuifuta michezo hii na kuisahau kunamwacha mwanafunzi bila ushahidi.

Haya yote yanaonyesha kwamba kazi ya kweli hufanyika baada ya kete kukusanywa. Wataalamu wa fani hii wamelisema kwa miongo, na bado ndicho kipengele kinachokatwa kwanza muda ukibana. Chukua mchezo wa karata wa Barnga, uliobuniwa mwaka 1980 na Sivasailam Thiagarajan alipokuwa akifanya kazi Gbarnga, Liberia. Kila meza inapewa kanuni za mchezo mwepesi wa karata, wachezaji wanajifunza, kisha karatasi za kanuni zinaondolewa na kuongea kunakatazwa. Washindi wanahamia meza nyingine. Wasichojua ni kwamba kila meza ilipewa kanuni zilizotofautiana kidogo: hapa ree ni kubwa, pale ni ndogo, hapa turufu ni uru, pale ni shupaza. Mgeni anaweka karata kwa kujiamini, mwenyeji anaichukua, mgeni anairudisha kwake kwa hasira. Wengine wanadhani wenzao wezi. Wengine wanadhani wao ndio wajinga, wanakubali kila kitu.

Ukilisimamisha darasa hapo na kuliaga, umefundisha kuwa watu wengine ni wezi. Nusu saa inayofuata ndiyo yenye elimu: nani aligundua mapema, nani aligundua akanyamaza kwa kuwa kanuni ya meza mpya ilimpendelea, kwa nini mwenyeji hakuwaza kuwa huenda mgeni ana kanuni zake. Darasa la uuguzi, la ualimu, la sheria za kimataifa, kila moja litatoa mambo tofauti kutoka kwenye karata zilezile. Anayeongoza mjadala huo anahitaji uzoefu zaidi ya anayetoa mhadhara, kwa sababu hana slaidi za kujifichia.

Ushahidi wa kitafiti unasemaje? Kuhusu michezo ya mezani yenyewe, tafiti nyingi huwauliza wanafunzi kama walifurahia na kama wanadhani wamejifunza. Hilo ni jibu dhaifu. Kuhusu ufundishaji shirikishi kwa upana wake, uchambuzi wa tafiti 225 za sayansi na uhandisi uliochapishwa mwaka 2014 na Scott Freeman na wenzake ulionyesha kuwa wanafunzi wa mihadhara ya kawaida walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya wenzao. Na mwaka 2019 watafiti wa Harvard waliwapima wanafunzi wa fizikia wakakuta jambo la kushangaza: walioshirikishwa walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliokaa kumsikiliza mhadhiri fasaha. Hisia ya mwanafunzi, basi, si kipimo. Wapenzi wa michezo wanaoleta fomu za maoni kama ushahidi wanatumia mizani mbovu, na wapinzani wao wanaosema wanafunzi wenyewe wanataka mihadhara, nondo na madesa wanatumia mizani hiyohiyo.

Pingamizi kubwa kwetu liko kwenye ukumbi. Kozi ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa na wanafunzi 300 katika ukumbi ambao viti vyake vimepigiliwa sakafuni vikitazama mbele. Humo huchezi kitu. Lakini semina zipo, angalau kwenye ratiba, na michezo mingi inaruhusu watu wawili au watatu kwenye nafasi moja, jambo ambalo ni bora zaidi kwa kuwa wanalazimika kubishana kwa sauti kabla ya kuamua. Ubao wa mchezo wa bia unachorwa kwenye karatasi ya manila, kreti ni vizibo vya soda. Gharama halisi ni wahadhiri wasaidizi: kila meza tatu au nne zinahitaji mtu mmoja anayezijua kanuni, na huyo lazima awe ameucheza mwenyewe kabla. Pia dadu na karata kwa baadhi ya wanafunzi ni kamari, na hawatazigusa. Vikaratasi vyenye namba vilivyokunjwa ndani ya kofia vinafanya kazi ileile bila kumlazimisha mtu achague kati ya imani yake na alama zake.

Kuna faida moja ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani haviitaji kwa sababu waandishi wake hawana shida hiyo. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na semina nyingi hufa kimya kwa sababu mwanafunzi mwenye wazo anaogopa sentensi. Mezani hakuna anayepatana bei kwa Kiingereza. Mtu anayetishiwa kufilisiwa husema anachofikiri, kwa lugha anayofikiria, na ghafla mhadhiri anagundua kuwa yule binti wa nyuma aliyekuwa haongei anaelewa mfumo wa bei kuliko wote. Mimi ningeruhusu mjadala wa baada ya mchezo nao uwe wa Kiswahili, ripoti ije kwa Kiingereza baadaye. Wapo watakaoona hili ni kukiuka sera ya lugha. Huenda.

Kuhusu alama, msimamo wangu ni mkali: asipewe mtu alama kwa kushinda. Ukifanya hivyo umegeuza hoja kuwa mbio, na mwanafunzi mwerevu ataacha kuuliza kama kanuni ni za kweli, atatafuta tu upenyo wake. Alama ziende kwa kile anachoandika kuhusu kanuni: ipi inaongopa, ipi imeachwa, nini kingetokea ikibadilishwa.

Hatua ya mwisho, ambayo wachache huifikia, ni kuwapa wanafunzi kalamu. Philip Sabin, aliyekuwa profesa wa masomo ya vita King's College London na mwandishi wa kitabu cha Simulating War cha mwaka 2012, aliwataka wanafunzi wake wa shahada ya uzamili wabuni mchezo wa vita walivyochagua wenyewe. Alitetea karatasi dhidi ya kompyuta kwa sababu rahisi: kwenye kompyuta kanuni zimefichwa ndani ya programu, kwenye karatasi lazima mchezaji azisome, azitekeleze kwa mkono wake na azibadilishe akitaka. Anayeandika mchezo kuhusu vita fulani analazimika kuamua ni nini kilichoamua vita hivyo. Je, ni chakula, hali ya askari, barabara au bahati? Insha inamruhusu kusema yote yalichangia. Kanuni inamdai namba. Rex Brynen wa McGill, Canada, alifanya kitu cha jirani kwa mchezo wake wa AFTERSHOCK wa mwaka 2015 kuhusu tetemeko la ardhi katika nchi ya kubuni iitwayo Carana: serikali, Umoja wa Mataifa, mashirika na majeshi ya kigeni wote wanataka kusaidia, na misaada inakwama bandarini na uwanja wa ndege kwa kuwa kila mmoja ameleta mizigo yake bila kuuliza barabara inabeba kiasi gani.

Kwa upande wetu ningeanzia kwenye kompyuta, kwa njia ya kinyume na Sabin, na mchezo wa kwanza ungekuwa bao. Lina kete 64, mashimo 32, kila mchezaji akianza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, na hakuna bahati nasibu yoyote ndani yake: kila kitu kiko wazi mbele ya macho, ila akili haikimudu. Alex de Voogt aliandika tasnifu ya udaktari huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1995 kuhusu uwezo wa akili wa mafundi wa bao wa Zanzibar. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta akiambiwa aandike programu ya bao la Kiswahili atadhani ni kazi ya wikendi. Kisha atafika kwenye shimo liitwalo nyumba na lini linaweza kuliwa au kulala, kwenye kanuni ya kutakatia, kwenye mwendo unaozunguka na kuzunguka, kwani ipo mipangilio ya kete ambayo mwendo mmoja kinadharia hauna mwisho, na programu yake itaganda bila kosa lolote la kisintaksia. Atalazimika kwenda barazani kuuliza. Fundi wa kwanza atamjibu kwa uhakika. Fundi wa pili atamjibu kwa uhakika uleule, kinyume chake, na watu watasogea kusikiliza.

Hapo ndipo kozi inapoanza: ni nani mwenye mamlaka ya kanuni isiyoandikwa, programu ifuate kauli ya nani, na je, ikiandikwa mara moja, mabishano yatakufa? Ni maswali ya sheria, ya historia na ya falsafa yaliyoingia kwa mlango wa maabara ya kompyuta. Hakuna kitu cha kuagiza kutoka nje. Kinachohitajika ni mafundi wawili wa bao waalikwe kama wahadhiri wageni na walipwe posho inayostahili, na tatizo la kwanza litakalotokea naweza kulitabiri: ofisi ya uhasibu itaomba nakala za vyeti vyao.